Kuchagua Kazi Inayokufaa: Jina la Kazi na Siku ya Kazi



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za huku Mazingara, na za Handeni na Korogwe kwa jumla, hupita katika majuma machache yenye mashaka. Mtoto amefaulu, majirani wamekuja kutoa hongera, na baba amekwisha kupiga hesabu ya machungwa yaliyobaki mitini. Kisha huja swali ambalo halikuulizwa kwa miaka minne yote: asome nini, na awe nani? Mara nyingi jibu hupatikana kwa usiku mmoja, kwa simu ya mjomba aliyeko Dar es Salaam au kwa kutazama mtoto wa jirani alikwenda wapi. Tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa mzazi aliyeuza sehemu ya shamba ili alipe ada ya miaka mitatu hana shamba jingine la kuuza mtoto akirudi nyumbani na kusema kwamba masomo yale hakuyapenda tangu siku ya kwanza.

Tuanze na familia moja ya huku kwetu, ambayo jina lake tunalihifadhi. Binti yao amemaliza kidato cha nne na amefaulu vizuri Baiolojia na Kemia. Baba anataka awe daktari. Binti anasema moyo wake uko kwenye mifugo. Maneno hayo hakuyatoa kitabuni: tangu akiwa darasa la sita ndiye anayewadondoshea kuku wa nyumbani chanjo ya kideri machoni, kila baada ya miezi mitatu, na majirani wamezoea kumwita awafanyie na wao. Baba aliposikia alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Nimekusomesha miaka yote hii ili ukachunge?" Akamalizia kwa methali tunayoijua sote, kwamba mchagua nazi hupata koroma.

Methali hiyo ni ya kweli na hatutaibeza. Hata hivyo, tumtazame mtu anayenunua nazi sokoni Korogwe. Huinyanyua moja, akaitikisa karibu na sikio, akasikiliza maji yanavyocheza ndani, akaiweka chini na kuchukua nyingine. Muuzaji hamnunii wala hamwiti mtu wa kuchaguachagua. Methali inamsema yule anayepindua lundo zima akitafuta nazi isiyo na doa, mpaka wenzake wameshanunua na kuondoka, naye akabakiwa na zile ambazo hazijakomaa. Kutikisa ni jambo jingine, na ndilo tunalotaka kulizungumzia, kwa sababu vijana wetu wengi hununua kazi bila kuitikisa.

Kabla ya kumlaumu baba yule, inafaa tukumbuke woga wake umetoka wapi. Katika eneo hili, kuchagua kazi ni jambo geni. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo yalitokea mashamba yaliyofunika nchi yote hii, kuanzia pwani hadi Korogwe na kwingineko. Watu walihitajika kwa maelfu, nao wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha watu hao, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mfanyakazi aliandikwa kwa namba, na ndiyo maana babu zetu hao wakaitwa manamba. Alipewa kipande chenye nafasi 30 za siku za kazi, akapelekwa kukata mkonge, na hakuna aliyemwuliza anapenda nini.

Wajukuu wa manamba wamo katika jumuiya zetu leo, wamechanganyika na Wazigua, Wasambaa, Wabondei, Wakamba na wengineo. Kwa mzee aliyekulia katika kambi ya mkonge, kazi ni kitu unachopewa, ukashukuru, ukakishika kwa mikono miwili. Na mzee huyo huyo aliona jambo la pili. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na ilionekana kana kwamba kazi ile haitaisha. Kisha kamba za nailoni zikaenea duniani, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka vichaka. Mzee aliyeyaona hayo akimwambia kijana "shika kazi ya serikali", hatoi ushauri wa mtu mjinga. Anazungumza kama mtu aliyewahi kuachwa na kazi aliyoitegemea.

Ila ushauri huo una pengo. Unautazama mshahara, heshima na pensheni, na kuyasahau masaa nane au kumi ya kila siku ambayo mtu atayaishi kwa miaka 30. Daktari, mwalimu, askari, mhasibu: haya ni majina ya kazi. Jina la kazi hutajwa kwenye harusi na misiba, mtu anapotambulishwa. Siku ya kazi ndiyo inayoishiwa. Vijana wengi tunaozungumza nao wanalijua jina la kazi wanayoitaka, lakini ukiwauliza mtu wa kazi hiyo huwa anafanya nini saa nne asubuhi siku ya Jumanne, hunyamaza.

Tuchukue uuguzi, kazi ambayo wazazi wengi wa huku huipenda kwa ajili ya mabinti zao. Siku ya muuguzi ina zamu za usiku. Ina kusimama muda mrefu, kugusa majeraha, kumsafisha mtu mzima ambaye si ndugu, kuandika kila dawa iliyotolewa na saa yake, na kupokea hasira za jamaa wa mgonjwa ambao hawana mtu mwingine wa kumkasirikia. Yupo binti ambaye akielezwa hayo yote macho yake hung'aa, kwa sababu yeye ndiye aliyemwuguza bibi yake mpaka mwisho na hakuona taabu. Yupo mwingine mwenye alama nzuri kuliko huyo, ambaye harufu ya spiriti peke yake inamtosha. Huyu wa pili hana kasoro wala dhambi. Pengine angekuwa mhasibu bora katika wilaya nzima.

Ualimu nao hueleweka vibaya kwa sababu sote tumepita darasani na tunadhani tunaujua. Tuliyemwona ni mwalimu aliyesimama mbele ya ubao. Hatukuona madaftari 90 yanayosubiri kusahihishwa usiku, wala maandalio ya somo, wala subira ya kueleza jambo lile lile kwa mara ya tano bila kupandisha sauti. Korogwe ina chuo cha ualimu, na walimu waliopitia hapo wamo katika parokia nyingi. Kijana anayefikiria ualimu asiende kwanza kuuliza mshahara. Amfuate mmoja wao, amwamkie, aombe kumsaidia kusahihisha hesabu za darasa la nne kwa jioni mbili tatu. Atajijua.

Neno "kupenda kazi" lina mtego ndani yake. Kijana akiulizwa anapenda nini, atasema mpira, muziki, simu. Swali hilo ni pana mno. Yafaa aulizwe mambo madogo zaidi. Je, ukikaa peke yako siku nzima unachoka, au ndipo unapopata nguvu? Ukipewa kitu kilichoharibika, unakifungua kabla hujaambiwa, au unamtafuta anayejua? Unapendelea kazi ambayo kesho inafanana na leo, au unachoshwa na jambo lile lile? Unaweza kuvumilia jua, vumbi na kinyesi cha ng'ombe, lakini huwezi kukaa kitini mpaka saa tisa? Fedha inayokuja kidogo lakini kila mwisho wa mwezi inakutuliza, au uko tayari kukaa miezi minne bila kitu ukingoja mavuno? Unaweza kumwambia mtu mzima "hapana" usoni pake? Anayeshindwa hilo la mwisho atapata shida sana akiwa ofisa mikopo au mtendaji wa kijiji, hata akiwa na shahada mbili.

Wataalamu wa nchi nyingine wameliandikia jambo hili kwa muda mrefu. Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwaongoza vijana kuchagua kazi mjini Boston, Marekani, mwaka 1908, na mafundisho yake yalijengwa juu ya mambo matatu: mtu ajijue, aijue kazi, kisha apime kwa akili jinsi viwili hivyo vinavyopatana. Mwaka 1959 Mmarekani mwingine, John Holland, alianza kueleza kwamba mapendeleo ya watu katika kazi huelekea kujikusanya katika makundi sita: wapo wanaovutwa na zana na vitu vya kushika, wanaopenda kuchunguza, wanaobuni, wanaosaidia na kufundisha, wanaoshawishi na kuongoza biashara, na wale wanaotulia wanapopanga kumbukumbu na tarakimu. Watu wengi huwa na mawili au matatu kati ya hayo. Yapo madodoso yaliyotungwa kwa kufuata mawazo hayo, na si vibaya kuyajaribu. Sisi tunaona dodoso bora zaidi ni lile la nyumbani: mtazame mtoto anafanya nini pasipo kutumwa. Yule binti hakutumwa kuchanja kuku wa jirani.

Hapo huja pingamizi la haki kabisa. Itakuwaje kwa yule ambaye anachokipenda hakimletei ugali? Tunaye ndugu yetu wa Tanga wa kutujibu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, leo anajulikana kwa ushairi na vitabu vyake. Lakini hakula kwa kalamu hiyo. Kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha Pangani, kisha mwaka 1944 akahamia idara ya mifugo Mpwapwa, akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, na hatimaye katika ofisi ya upimaji ardhi. Karani maisha yake yote, na mwandishi maisha yake yote. Hatudhani kwamba ukarani ulikuwa adhabu kwake. Kazi ya mezani, ya maandishi, yenye mwisho wa siku unaojulikana, ilimwachia mtu kama yeye jioni za kuandika. Angekuwa mkata mkonge, tungekuwa na vitabu vyake? Kuna watu ambao kazi inayowafaa ni ile inayoliacha hai pendo lao la kweli, bila kulilazimisha liwalishe.

Tena Kanisa halifundishi kwamba kila mtu atapata kazi anayoipenda. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa tarehe 14 Septemba 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu kabla ya mtu kuwapo kwa ajili ya kazi, na kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na huyo anayeifanya. Baba Mtakatifu Fransisko, akiwaandikia vijana mwaka 2019 katika Christus Vivit, alikiri wazi kwamba ziko nyakati ambapo kijana hulazimika kuchukua kazi iliyopo. Aliwasihi tu wasiuzike kabisa wito wao. Na katika ule mfano wa talanta tunaousoma kwa Mathayo, kuna kifungu ambacho mahubiri hukiruka upesi: bwana yule hakugawa sawasawa, alimpa kila mtumishi kwa kadiri ya uwezo wake. Alikuwa amewatazama kwanza. Wazazi nao wanaalikwa kutazama hivyo.

Lipo kosa jingine, na hili tunalikiri kama jumuiya. Anayekwenda chuo kikuu tunamwita mbele ya altare, anapigiwa vigelegele na WAWATA wanamfunga khanga. Aliyemaliza mafunzo ya uchomeleaji hatumwiti. Mwaka unaofuata tunashangaa kwa nini kijana mwenye mikono ya ufundi ameng'ang'ania kozi ya utawala aliyoipata kwa shida, na anasoma huku akihesabu siku. Tumemfundisha sisi.

Na njia za ufundi zimeongezeka kuliko wazazi wengi wanavyojua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari, wa jumla na wa amali, na huo wa amali ulianza kutekelezwa mwaka 2024 katika baadhi ya shule. Handeni kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 ili watu wazima na vijana wapate stadi za kuishi nazo. Ipo VETA kwa wanaotaka ufundi wa umeme, magari, ushonaji, mapishi na mengineyo. Na yupo yule kijana aliyejifunzia gereji chini ya mwembe, ambaye anaweza kuibomoa injini ya lori na kuirudisha lakini hana cheti: VETA ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana mitaani, na akifaulu hupewa cheti chake. Mafundi wengi wa barabara ya Segera hawalijui hilo, na kwa kukosa cheti hupitwa na kazi wanazoziweza.

Tunaitaja barabara ya Segera kwa makusudi, kwa maana imekuwa shule na majaribu pia. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika wilaya zetu, na ujenzi wake umewaonyesha vijana mishahara ambayo hawakuwahi kuiona. Ni baraka, na aliyepata nafasi huko afanye kazi kwa bidii. Ila ujenzi una mwisho. Aliyeingia kwa kuwa anapenda kuchomelea ataondoka na ufundi mikononi na kuupeleka kwingine. Aliyeingia kwa sababu ya fedha tu ataondoka na pikipiki.

Kilimo nacho tumekifanya jalala la walioshindwa, jambo ambalo linatusikitisha. "Akikosa kabisa, atalima." Anayelima kwa kukosa hulima vibaya. Anayechagua kulima michungwa ya Handeni au mpunga wa Mombo kwa kuwa anapenda kufanya majaribio, kuandika gharama na kubishana na walanguzi wa bei, huyo ana taaluma kama mwingine yeyote, na siku yake ya kazi imejaa maamuzi mengi kuliko ya karani.

Sasa tuzungumze juu ya ile fomu. Mwanafunzi wa kidato cha nne huchagua tahasusi na vyuo katika fomu iitwayo selform, mara nyingi akiwa shuleni, kwa haraka, akinong'onezana na jirani yake. Wazazi wengi hawajui kwamba baada ya matokeo TAMISEMI huwa inafungua dirisha la kubadilisha machaguo hayo kwa njia ya mtandao kwa kipindi fulani. Mwaka 2024 jambo hili lilikuwa na uzito zaidi, kwa kuwa ziliongezwa tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, zikawa 65, na kati yake zimo za lugha, sanaa, michezo na hata za masomo ya dini. Chaguo ni pana kuliko lile la kaka zao. Upana huo ni msaada kwa anayejijua, na kwa asiyejijua ni msitu.

Juu ya mikopo tunasema machache. Bodi ya Mikopo husaidia wengi, na ni haki kuomba. Ila mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu aliyeajiriwa, na haukuulizi kama kozi uliyoisomea ulikuwa unaipenda.

Turudi kwa yule binti. Mama yake alilileta jambo hilo kwenye jumuiya, naye mwalimu mmoja mstaafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: baba na binti wanagombania nini hasa? Baba anataka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ili aende udaktari. Lakini tahasusi hiyo hiyo humfikisha mtu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kusomea udaktari wa mifugo, ambao huchukua miaka mitano. Kwa hiyo kidato cha tano hakifungi mlango wa yeyote kati yao. Ipo pia njia fupi: Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Buhuri, hapa hapa Tanga, ambako mwenye ufaulu wa masomo ya sayansi wa kidato cha nne husomea afya na uzalishaji wa mifugo, akaanza kazi mapema. Njia ndefu hugharimu miaka na kufungua milango zaidi. Njia fupi hugharimu kidogo na kumweka kijana kazini haraka, naye anaweza kuendelea baadaye. Ugomvi wa nyumba ile ulikuwa juu ya jina. Njia zenyewe zilikuwa zinapatana.

Kisha mwalimu akashauri binti aitikise nazi. Aende kwa afisa mifugo wa kata, kwa ruhusa ya baba, na ashinde naye kwa wiki moja.

Alikwenda. Aliona josho na ng'ombe wanaosukumana, akaona chanjo, akaona wafugaji waliobisha bei ya dawa na wengine waliokataa kabisa kumsikiliza afisa kwa sababu babu zao hawakuchanja. Siku ya tatu waliitwa usiku kwa mbuzi aliyeshindwa kuzaa, nao wakafika wakiwa wamechelewa. Siku ya nne aliamshwa alfajiri kwenda machinjioni kwa ukaguzi wa nyama, kupasua maini na mapafu kutafuta dalili za maradhi, na hiyo, alisema, hakuipenda hata kidogo. Aliuliza kama kuna afisa mifugo asiyekagua nyama. Akaambiwa wapo, lakini si katika kata ndogo kama hii.

Jumamosi jioni alirudi akamsalimu baba yake shikamoo, akamweleza yote, machinjio hayakuachwa nje. Hakusema kwamba kazi ile ni nzuri. Alisema kwamba ile asiyoipenda ni sehemu ya siku mbili kati ya sita, na kwamba usiku ule wa mbuzi, ingawa mama alikufa na mtoto mmoja tu akapona, hakutamani kuwa mahali pengine. Mama yake alikuwa akipepeta mchele, akaacha.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Tahasusi hakuitaja, wala udaktari. Aliuliza, "Hiyo pikipiki mliyokuwa mkizunguka nayo, mafuta yake anaweka nani?"

Binti akajibu kwamba mara nyingine ofisi, mara nyingine afisa mwenyewe mfukoni mwake. Baba akaomba kalamu, akageuza ile karatasi ya machaguo upande usioandikwa kitu, akaanza kupiga hesabu.